Udongo wa Riruta Kabatini

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa koti jeupe wala kiti. Mkuu wa maabara, Daktari mmoja wa Pwani mwenye sauti ya upole, alinipa kijiko na mfuko wa karatasi. "Nyambura, kesho niletee udongo wa kwenu." Mimi na diploma yangu! Nilinung'unika kutoka mjini hadi kwetu Riruta, nikachimba nyuma ya banda la kuku.

Kumbe humo mlikuwa na hazina. Tuliotesha bakteria mmoja mwenye vumbi la kijivu, anayenukia mvua. Tulipomweka kwenye sahani moja na vijidudu vya maradhi, vilivyomkaribia vilikufa vyote, pakabaki duara safi. Dawa hiyo anaitengeneza mwenyewe! Jeni za kazi hiyo, yaani maagizo yaliyo ndani ya seli, zimepangana mahali pamoja, na moja huziamsha nyingine chakula kikipungua. Nilistaajabu, na bado nastaajabu.

Niliachiwa nimtunze. Kila Jumatatu nilimhamishia sahani mpya, nikichagua madoa yaliyonona, laini, yanayokua upesi. Yale ya vumbi niliyaona machafu. Miezi ikapita, duara likapungua, mwisho likapotea kabisa. Weh! Kazi ya idara nzima ilimtegemea huyo mmoja, na kule Riruta mwenye ploti alikuwa ameshamwaga saruji mpaka nyuma ya banda nilipochimba.

Nilimwendea Daktari na sahani mkononi. Aliitazama sahani, akacheka kidogo.

"Umekuwa ukichagua warembo, mwanangu. Hawa wamepoteza zile jeni. Hawatengenezi dawa tena, ndiyo maana wananenepa."

"Basi nimeharibu kila kitu, Daktari. Nifute tu kazi."

"Nikufute? Hebu njoo huku."

Alifungua kabati. Ndani mlikuwa na mifuko ya karatasi, mmoja wa kila mfanyakazi, na jina juu yake. Wangu ulikuwa umebaki nusu.

"Mbegu za huyo bakteria wako hulala kwenye udongo mkavu miaka na miaka," akasema. "Ulidhani ningetupa kazi yako ya kwanza?"

Tulianza upya. Siku vumbi la kijivu liliporudi na duara lake, nililia mbele ya watu wote, sikujali.

Daktari alitangulia kustaafu. Zamu yangu ilipofika, wenzangu walinikabidhi ule mfuko uwe ukumbusho, maana udongo ni wangu. Niliubeba hadi kituo cha magari, nikasimama pale nikisoma jina langu. Kisha nikageuka, nikapanda tena ngazi za maabara, nikaurudisha kabatini.