Kilo Mbili za Crisanto

Baba yangu, Crisanto Palmares, alibeba magunia ya sukari bandarini Iloilo, Ufilipino, kwa miaka thelathini na mmoja. Gunia la kilo hamsini alilitupia begani huku akiendelea na maongezi yake. Daktari alipomwambia ana saratani ya tezi dume, aliuliza kimoja tu: atapasuliwa lini. Hakupasuliwa. Alipigwa mionzi, kisha akaanzishiwa sindano kila baada ya miezi mitatu, za kuzima homoni zinazoulisha ugonjwa.

Sindano zilifanya kazi, lakini hazikuchagua. Mapaja yalinywea, kifua kikavimba, akaanza kuvaa mashati mapana. Joto lilimpanda ghafla tukiwa mezani, jasho likamchuruzika mpaka kwenye bakuli la supu. Siku moja nilimkuta akilia kwa ajili ya tangazo la sabuni kwenye televisheni.

"Usimwambie mama yako," alisema.

Mama alikwishajua. Jioni ile joto lilipompanda tena, alikaa karibu naye akampepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Mwaka ule hedhi iliponikoma, nikawa nawaka hivi, ulisemaje?"

Baba alijifuta jasho kwa ukosi wa shati.

"Ulisema namaliza umeme kwa feni."

"Nilisema hivyo kweli?"

"Tena mbele ya dada zako."

Baba aliushika mkono wake na kifuniko chake. "Nisamehe, Inday," alimwita kwa jina lao la mapenzi. "Sikujua."

"Sasa umejua. Sogea huku upepo ukupate."

Kliniki ilimwagiza baba afanye mazoezi ya vyuma mara mbili kwa wiki, ili misuli na mifupa isiishe. Mwalimu alikuwa msichana aitwaye Jonalyn. Siku ya kwanza alimpa vyuma vya kilo mbili.

"Binti, hivi si vya kuzuilia mlango?"

"Inua mara kumi na tano, mzee wangu, halafu tuongee."

Mara ya tisa akaviweka chini. Kuinuka kitini bila kujishika kukamshinda mara ya nne. Alichukua kofia yake akatoka, na nyumbani akasema harudi. Afadhali watu wamkumbuke alivyokuwa.

Alhamisi mama alivaa raba zangu.

"Unakwenda wapi?" baba akauliza.

"Mazoezini. Magoti yananisumbua, na Jonalyn kanikubalia. Wewe kaa ufue."

"Nani atakuhesabia?"

"Sitakosa mtu. Kuna yule mstaafu wa posta, mwenye kifua kipana."

Baba alizunguka nyumba nzima akitafuta kofia.

Tangu siku hiyo walihesabiana. Mama alikuwa mwizi wa hesabu. Kutoka sita aliruka moja kwa moja hadi tisa. "Rudi saba, Inday," baba alimwambia, na Jonalyn akageukia ukutani acheke. Baada ya miezi mitano baba alikuwa anainua kilo nane, na kitini anasimama mara kumi na nne. Gunia hakurudia kulibeba, na joto halikuisha, maana sindano ziliendelea. Ila alipanda ngazi za soko bila kupumzika, na usingizi ukamrudia.

Asubuhi moja niliwapeleka mazoezini, nikakuta mwanamume mgeni amesimama mlangoni, shati lake limelowa jasho, anataka kugeuka. Baba alimsogezea kiti.

"Ulianza sindano lini?"

"Wiki ya sita leo," yule mtu alisema, macho chini.

"Mimi nina miezi kumi na moja. Kaa. Hapa hatuoneani aibu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kumsikia akiutaja ugonjwa wake mbele ya mgeni. Mama aliendelea kunyoosha magoti, akijifanya hasikii.