Anayepima Kumbukumbu kwa Mistari ya Chai

Saa mbili kasoro robo asubuhi, umande bado umelala juu ya michai ya Boito, na Drusilla Chepkurui amepiga magoti kwenye nyasi akimfunga mzee Kiplangat arap Mibei kitambaa cha mashine ya presha mkononi. Mzee, ambaye umri wake ni miaka themanini hivi, anaitazama mashine kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Mia moja arobaini kwa themanini na tano. Si mbaya, mzee," Drusilla anasema, akiandika. "Sasa maswali. Leo ni tarehe ngapi?"

"Hiyo uliza watoto ya shule."

"Na mwezi?"

"Mwezi ya mvua."

Kwa mujibu wa fomu aliyoishika, hiyo ni sufuri, na sufuri nyingine. Lakini Drusilla ana ujanja wake. Anaifunika fomu na kuuliza kana kwamba anapiga gumzo tu: "Shamba ya huko chini mlichuna lini?"

"Leo ni siku ya nane," mzee anajibu papo hapo. "Ile ya kando ya mto ni siku ya tatu. Tusipochuna ya chini kesho, itakomaa, na lori ikuje bure."

Drusilla anazifungua risiti za kituo cha kununulia chai, zilizotungwa kwenye msumari kando ya mlango. Mzee hajakosea hata siku moja.

Drusilla, mwenye umri wa miaka 43, alipima majani ya wakulima katika kituo cha chai kwa miaka kumi na mmoja. Tangu Februari mwaka jana, 1996, ameajiriwa na mradi wa utafiti unaotaka kujua kama presha ya juu na mishipa ya damu iliyochoka ndiyo inayowapokonya wazee kumbukumbu. Hulipwa shilingi mia mbili kwa siku, na viatu hununua mwenyewe. Kufikia sasa ameshawahoji wazee 214.

"Mimi napenda kujua," anasema akicheka. "Mama alikuwa ananiambia nitazeeka na swali kwa mdomo."

Fomu yenyewe ilitungwa mjini, na watu wa mjini wana mambo yao. Humtaka mzee ataje idadi ya watoto wake. Sasa mzee wa Kikipsigis wa zamani hahesabu watoto wala ng'ombe, kwa kuwa kuhesabu walio hai ni kuwaitia balaa. Basi wengi hunyamaza, na kimya hupewa sufuri.

"Mmoja alinitajia wote kwa majina, na nani aliolewa wapi," Drusilla anakumbuka. "Fomu ikasema amesahau. Mimi ndio nilihesabu, wakafika kumi na mmoja, na hata mimi nikaogopa kidogo."

Mambo hayo yangebaki kichekesho cha njiani kama si mama yake mzazi, Rael Tabutany, mwenye umri wa miaka 71, aliyehamia kwake miaka minne iliyopita.

Kwenye fomu hiyohiyo, Rael alipata alama 28 kati ya 30. Siri yake ni kwamba Drusilla alipokuwa akijifunza kazi, alikuwa akiyasoma maswali kwa sauti jikoni kila jioni, naye mama akimenya viazi akayashika yote. Tarehe huitaja kabla hujamaliza kuuliza.

Mwezi wa Juni, Drusilla alimkuta shambani akichuna mistari ileile aliyoichuna siku iliyotangulia. Hapakuwa na majani mawili na kichipukizi, ambayo ndiyo huchunwa, kwa hiyo Rael alikuwa akinyofoa majani magumu ya chini, yale ambayo karani wa kituo huyamwaga bila huruma. Na huyu ni mama aliyechuna chai kwa zaidi ya miaka thelathini.

Drusilla anasimulia: "Fomu inasema mama ni mzima. Chai inasema hapana. Nikampima presha, ikawa mia moja tisini kwa mia moja na kumi. Nililia hapo hapo kwa shamba."

Zahanati ilimpa Rael dawa ya presha. Lakini daktari wa mradi, anayechunguza kumbukumbu, huwaona tu waliopata chini ya alama kumi na nane.

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Drusilla mwenyewe. Sufuri kumi na moja tu, na mama yake angeitwa.

"Nilijaribiwa, sikatai. Lakini nikidanganya moja kwa sababu ni mama, hizo zingine zote nani ataamini?"

Akaandika ukweli, alama 28, na pembeni akaandika habari ya mistari ya chai. Fomu ilipofika ofisini Kericho, msimamizi wake, Phelix Owiti, alimwita.

"Madam, haya umeandika pembeni hayana mahali kwa kompyuta."

"Basi kuja ujionee, Bwana Owiti."

Owiti alikuja Boito na viatu vya ofisini. Rael akamsalimia, akamtajia tarehe, mwezi na mwaka. Owiti akatabasamu, akamtazama Drusilla kwa jicho la kusema si unaona.

"Mama, onyesha mgeni jana ulifika wapi," Drusilla akasema.

Rael akaingia shambani. Akashika mchai mmoja, akauacha, akarudi nyuma, akasimama. Kisha akawageukia kwa hasira: "Nani amehamisha chai yangu?"

Owiti anakiri: "Nilikumbuka nyanya yangu kule kwetu, yeye alilima mtama. Yeye swali yake ingekuwa ya mtama, na ni nani angejua kumuuliza?"

Ni Owiti huyohuyo aliyekwenda kumshawishi daktari. Tangu Agosti, maswali sita ya chai yameambatanishwa na fomu kwa majaribio. Kati ya wazee 61 walioshindwa na fomu ya kwanza, 38 waliyajibu bila kusita. Wanne waliokuwa wamefaulu, Rael akiwa mmoja wao, walikwama shambani. Owiti anaonya kwamba idadi hiyo ni ndogo mno kuthibitisha jambo, na kwamba mfanyakazi wa shamba kubwa asiye na chai yake atahitaji maswali mengine.

Daktari alimwona Rael mwezi jana. Alisema presha imeumiza mishipa midogo ya kichwani. Kilichopotea huenda kisirudi, lakini presha ikishikwa, kilichobaki kinaweza kulindwa.

Ndiyo maana Drusilla sasa ana mpango. Anataka mashine moja ya presha ikae kituo cha chai, mahali ambapo wazee hufika wenyewe na vikapu vyao. "Mtu akipimiwa majani, apimwe presha pia. Tusingoje hadi ashindwe kujua mstari." Ameshawaandikia wakuu wa kituo barua mbili, na ya tatu anaipeleka mwenyewe kwa mkono.

Nyumbani, kila mama anapomaliza kuchuna, Drusilla hufunga kitambaa chekundu kwenye mchai wa mwisho. Kila asubuhi humwomba aonyeshe alipofika kabla hajakitazama, kisha huandika daftarini amekosea kwa mistari mingapi.

Asubuhi ya Jumanne hii kitambaa hakipo. Rael amekifunga kwenye kifundo cha mkono wake.

"Hii kitu inaniaibisha na majirani," anasema. "Mimi najua nilifika wapi. Ni hapa."

Drusilla anainama, anakagua vichipukizi mchai kwa mchai. Jana mama aliishia katikati ya mstari wa pili, na sasa amesimama kwenye wa tatu. Wiki jana alikosea kwa mistari minne.

Daftarini anaandika: mmoja. Kisha anachukua kikapu chake, anaingia mwenyewe kwenye mstari wa pili ulioachwa, na kusema, "Ni hapo hapo ulipo, Mama. Chuna."