Dorkasi Hahami Kwake

Kuna watu ukiwaambia mara tatu wabadilike, hubadilika. Dorkasi aliambiwa na klabu nzima ya chesi pale Ipagala, naye akazidi kukaza. Mimi nilikuwa upande wake, tena kwa sauti, maana nimechoka kusikia mwanamke mtulivu akiitwa mwoga.

Dorkasi ni mpishi wa shule ya bweni, ana miaka hamsini na mmoja, mzaliwa wa Zuzu. Utotoni alicheza drafti kwa vizibo vya soda, akawafunga kaka zake mpaka wakamwaga kete kwa hasira. Chesi alifundishwa ukubwani na wanafunzi waliokuwa wakisubiri ugali uive. Tatizo lake likawa mkono wa drafti. Kwenye drafti kete ikikaa wazi ni lazima uile, upende usipende. Basi na kwenye chesi Dorkasi akawa anakula kila anachotegewa, na kila akipewa kete nyeusi, za anayeanza wa pili, anashiba mapema kisha anafungwa. Mwaka mzima!

Akaamua kujitafutia kinga, yaani mpango wa hatua za mwanzo kwa mwenye kete nyeusi. Zile za kukimbilia vita alizijaribu, akaziacha. "Hizi zinaniamsha njaa tu," aliniambia. Mwisho akatua kwenye ile inayoitwa Karo-Kani: askari mmoja husogea hatua moja tu, ili mwenzake atakayeingia katikati awe na wa kumwegemea. Ni kama mtu anayechimbia nguzo za nyumba ya tembe kabla ya kuwaza paa. Akaicheza miezi minane, hiyo hiyo, huku watu wakimcheka.

Ikabaki nafasi moja kwenye timu ya mkoa. Dorkasi alipaswa kuigombea na Anuari, kinyozi mwenye maneno mengi na pointi nyingi zaidi. Anuari sare ilimtosha, Dorkasi ilikuwa lazima ashinde. Kura ikampa Dorkasi kete nyeusi.

Mwenyekiti wetu, Stanley, akamvuta pembeni. "Mama, hiyo ni kinga ya watu wanaotafuta sare. Leo shambulia. Nitakuonyesha kinga nyingine sasa hivi."

"Mwenyekiti," Dorkasi akamjibu, "nguo ya kuazima haisitiri matako."

Stanley akakohoa, akaenda kukaa.

"Shikamoo, mama," akasema Anuari.

"Marahaba, baba. Anza."

Akaanza kwa fujo. Askari mbele, farasi juu, kila hatua akigonga kete mezani kama anapigilia msumari. Dorkasi akasogeza askari wake hatua moja. Watu wakacheka. Saa nzima ikapita na hakuna kilichobomoka. Mara mbili Anuari alimtegea kete ya bure. Niliona vidole vya Dorkasi vikicheza, akavificha chini ya kitenge, akaiacha.

Kisha naye akaacha askari mmoja bila mlinzi, karibu na kona. Nilishika kichwa. Lakini Anuari naye amekulia kwenye drafti, kwenye benchi la kinyozi. Mkono wake ulimnyanyua malkia kabla macho hayajamaliza kuangalia. Akala.

Dorkasi akasogeza ngome. Hatua iliyofuata, farasi. Malkia wa Anuari akawa kule konani, amezungukwa, hana pa kutokea.

Anuari aliuangalia ubao. "Mama, tumechoka wote. Tugawane, iwe sare?"

Sare! Yaani ampe nafasi na shukrani juu yake! Nilitaka kusimama nimseme, Dorkasi akaniwahi.

"Kwenye drafti ungesema ulilazimishwa, baba. Huku umekula kwa hiari yako. Cheza."

Hatua tisa baadaye Anuari alimlaza mfalme wake ubaoni, ishara ya kukubali kushindwa, akampa Dorkasi mkono.

Stanley alikuja na kalamu na karatasi ya majina, anacheka kwa aibu. "Kumbe, mama, muda wote ulikuwa unashambulia?"

"Hapana," Dorkasi akasema, akifunga kitenge chake. "Nilikuwa nimekaa kwangu. Yeye ndiye aliyekuja. Andika jina."