Balbu ya Taa ya Breki

Kila asubuhi, kabla ya kushika spana, fundi alijifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, hata vikiwa safi. Siku ile alikuwa ameshabadilisha sensa ya gurudumu, lakini kwenye dashibodi taa ya ABS, inayoonya kuwa breki zina hitilafu, iling'ang'ania kuwaka. Akaupapasa waya kwa uchovu, macho kayafumba, mpaka akagusa ulipokatikia ndani ya mpira.

"Tusubiri waya mpya, shemeji," alimwambia mwenye gereji, mume wa dada yake.

"Mwenye gari yuko getini na wanawe! Chomoa balbu. Taa ikizima, mgonjwa kapona."

"Na mvua hii? Magurudumu yakijifunga kwenye utelezi?"

"Juzi ulichomoa, nani kafa?"

Fundi alishusha pumzi. Akajifuta vidole, kimoja kimoja, akatundika kitambaa kwenye usukani. Getini akamwambia yule mama mwenye gari, "Leo pandeni basi," akaenda zake, wala hakurudi.