Pazia Ndani ya Gari la Mama Limi

Mama Limi alikuwa na mazoea yaliyokuwa yakiniudhi. Kabla hajawasha gari lake, hutazama kioo cha kati na kuuliza, "Haya, mmekaa?" Na huko nyuma hakuna mtu. Kuna gunia la mchele tu, na siku nyingine hata gunia halipo.

"Unamuuliza nani?" nilimwambia siku moja.

"Nimezoea, Mama Safiya. Niache."

Gari lile dogo, rangi ya maziwa, alilichagua marehemu mumewe, Donatus. Watu wa hapa kwetu Didia walimshauri anunue pikapu ya kubebea mpunga. Akasema pikapu ni ya wenye mizigo, yeye ana watoto. Wazazi wakawa wanakaa mbele, Limi na wadogo zake wawili nyuma, wanagombea dirisha hadi kanisani. Kisha Donatus akafariki. Wavulana wakaenda kutafuta maisha, mmoja Songea, mwingine Dar es Salaam. Limi akaolewa na Bujiku, mchimbaji wa dhahabu kule Rwamgasa. Mama Limi akabaki na usukani.

Mimi, Mama Safiya, jina langu hasa ni Mwahija, nauza kanga na vitenge pale senta. Babu yangu alitoka pwani akifuata reli, na ingawa nimezaliwa hapa hapa, Wasukuma bado wananiita mgeni. Nami nawatania bila kuwaogopa: ukwe wenu ni mzigo! Mama na mume wa bintiye hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali sahani moja. Vijana wa mjini wamelegeza. Mama Limi hakulegeza hata uzi mmoja. Tangu harusi hajawahi kumtazama Bujiku usoni, na nyumbani kwake Rwamgasa hajakanyaga.

Basi Limi akashika mimba. Mimba ya kwanza binti hujifungulia kwa mama yake, na Mama Limi alipopata habari alipaka nyumba chokaa, akanunua beseni jipya, akaanza kuniudhi kwa jambo jingine.

"Akishakuja, labda atakaa," aliniambia. "Hata mwaka."

"Ana mume, Mama Limi."

"Nimesema labda."

Mwezi wa kujifungua ulipokaribia, Limi akapiga simu. Miguu imevimba, hawezi kupanda basi. Atakuja kwa gari la mama, lakini Bujiku lazima amsindikize, hamwachi peke yake katika hali ile.

Mama Limi alikuja dukani kwangu akakaa kitini kama mtu aliyefiwa. "Gari lina viti vitano," alisema, "na hakuna hata kimoja cha mkwe."

Alikuwa tayari kumkosa mtoto wake kwa sababu ya kiti! Nilikasirika, ndipo nikasema lile neno. "Tundika kanga katikati. Wao nyuma, sisi mbele. Utamwonea wapi?"

Alicheka. Kisha akaniambia nimtafutie kanga, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana kanga nyingi ni za kusutana. Huwezi kumtundikia mkwe usoni maneno kama "Nichunguze uchoke mwenyewe." Tukafungua na kukunja hadi tukapata moja iliyoandikwa "Asante Mama."

Tukaenda. Baada ya Kahama na Segese tukaingia kwenye vumbi, na gari lile la chini likawa linagongwa tumboni na kila jiwe. Rwamgasa tuliegesha barabarani, mbali kidogo na nyumba, tukafunga kanga kwenye vishikio vya juu ya milango. Limi alipotokea, mama yake alishuka akamkumbatia na tumbo lake lote, hakutaka kumwachia. Bujiku alipokaribia na mabegi, Mama Limi alijifunika kitenge usoni akarudi garini mbiombio.

"Shikamoo, mayu," sauti ikasema nyuma ya kanga, ikimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, mwanangu."

Akatazama kioo. Kilionyesha maua ya kanga tu. "Haya, mmekaa?"

"Tumekaa!" wakajibu wote wawili.

Mkono wake ulikuwa kwenye ufunguo, lakini hakuuzungusha upesi. Mimi nikajifanya natazama nje.

Kwa uzito wa watu wanne, gari lilizidi kugusa chini. Penye mashimo Bujiku alishuka ili liinuke, na Mama Limi akawa anatazama mashamba ya mihogo mpaka asikie sauti. "Kata kushoto kidogo, mayu. Njoo. Njoo. Hapo hapo." Na mwanamke yule, ambaye hajawahi kukubali ushauri wa dereva yeyote, akakata kushoto. Nyuma walikuwa wanatafuna karanga na kucheka. Mkono wa Limi ukapita chini ya kanga na karanga kiganjani. "Mama, kula." Akala. Aliendesha polepole kuliko siku zote, hadi nikamwambia tutafika mwakani.

"Acha tuchelewe," alisema.

Limi alijifungua salama, mtoto wa kike, wakampa jina la bibi yake huyu huyu, Paskalina. Bujiku akarudi machimboni. Mtoto alipokaza shingo, baba yake akapiga simu kumtaka mkewe arudi. Hapo gari likaanza kuugua. Mara shokapu, mara tairi, mara rejeta. Fundi aliapa kuwa ni zima kabisa, na mimi nilijua tatizo liko wapi, ila sikusema. Mwishowe Bujiku akaja mwenyewe, akakaa nyuma ya kanga, na Mama Limi akawarudisha Rwamgasa kwa mikono yake mwenyewe.

Tulipofika, mkono wa Limi ulipita tena chini ya kanga, ukamshika mama yake bega. "Wabeja, mayu." Maneno yale yale ya kanga, kwa Kisukuma. Mtoto alikuwa analia. Milango ikafungwa.

Nilitaka kufungua kanga pale pale. Mama Limi akanizuia. "Iache."

Mpaka leo ipo, imejaa vumbi, naye anaendesha kwa vioo vya pembeni. Wiki iliyopita tulisimamishwa na trafiki karibu na Tinde, kijana mpole. Akafungua mlango wa nyuma, akaona gunia la mchele.

"Shikamoo, mama. Mbona pazia, na humo hamna mtu? Litoe, huwezi kuona nyuma."

"Nikilitoa, baba," Mama Limi alisema, "naviona viti vitupu."

Yule kijana alimtazama, akamrudishia leseni, akamwomba alitoe akifika nyumbani. Mama Limi akaitikia. Akakaza mkanda, akatazama kioo chenye maua.

"Haya, mmekaa?"

Ikabidi nijibu mimi. "Tumekaa, Mama Limi. Twende."