Kabanyana na Maziwa ya Gaju

Kabanyana alifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 2005 na binti yake Sonia, sufuria mbili na kitabu cha nyimbo kisicho na jalada. Mumewe alibaki kwenye udongo wa kwetu, milima ya Kivu ya Kusini. Tulipewa viwanja vinavyopakana. Kwa hiyo haya ninayoandika sikusimuliwa. Niliyaona, na mengine niliyatenda mwenyewe, hata yale ambayo leo hayanipendezi.

Hakuwa mtu wa kusifika. Kwaya hakuimba, na kanisani alikaa benchi la nyuma. Alikuwa mrefu, anacheka kwa pua, na maharage yake aliyapanda mistari iliyonyooka kama daftari la mwalimu. Ila alikuwa na ng'ombe. Mpwa wake Mihigo alimchungia mfugaji mmoja wa Rugaaga miaka mitatu, akalipwa mtamba wa kahawia nyekundu, akamletea shangazi yake. Kwetu ng'ombe wa rangi ile huitwa Gaju, basi hatukusumbuka kutafuta jina.

Asiye wa kwetu inampasa aelewe jambo moja. Kazi zote za maziwa ni za mwanamke, isipokuwa moja. Anaosha vyombo, anavifukiza moshi, anatikisa kibuyu mpaka siagi itoke, anagawia watu. Lakini kukamua, hapana. Mwanamke akigusa chuchu, ng'ombe atakauka au atakufa, na nyumba itaingia aibu. Ni mwiko wa tangu babu za babu zetu. Tulipookoka tuliacha pombe, tuliacha hirizi, tuliacha kutambikia wafu. Mwiko huu tuliingia nao kanisani, tukakaa nao, wala hakuna mchungaji aliyetuuliza.

Gaju alizaa mwaka 2009. Jirani yetu Anselme ndiye aliyemkamua asubuhi na jioni, naye akipata chupa yake. Kisha Anselme akahamia Kakoba, mjini Mbarara, kuuza viatu. Kesho yake asubuhi wanaume wote walikuwa wamekwenda kwenye foleni ya mgao wa mahindi, na Gaju analia, kiwele kimejaa mpaka maziwa yanadondoka yenyewe mavumbini.

Nilimwona Kabanyana amesimama mbele ya ng'ombe, macho amefumba. Akaomba kwa sauti: "Bwana, wewe uliumba huyu ngombe, na uliumba hii mikono. Kama kuko laana katikati yao, si wewe uliiweka." Akafunga miguu ya nyuma, akachuchumaa.

Nikamkemea kupitia ua. "Mama Sonia! Unafanya nini?"

"Ninakamua."

"Mwanamuke?"

"Unaona mwanaume hapa, Mama Anatole? Umuite, nitamuachia fasi."

Kabla ya saa sita habari ilikuwa imefika mpaka bombani. Mzee Rwakabuba, aliyekuwa na ng'ombe mia moja huko nyumbani na hakuacha mtu asahau, akaja na fimbo yake. Alikuwa pia mzee wa kanisa. Alisema atamtafutia mwanaume wa kukamua, na la asubuhi litasahaulika.

"Mzee, aksanti," Kabanyana akasema. "Lakini kama haikukuwa zambi asubuhi, haiwezi kuwa zambi magaribi."

"Binti yangu, wewe ni mukristo, hata mimi ni mukristo. Lakini mwiko ni mwiko."

"Siku ya kubatizwa nilizama muzima, mzee. Mikono sikuiacha inje ya maji."

Mzee aligonga fimbo yake chini, akaondoka kwa hasira. Wanawake nao walianza. Huyu anajifanya ameokoka kutupita! Imani gani hii ya kushika kiwele? Wakampa jina la Baba Sonia. "Baba Sonia, uliamuka aje?" walimwita bombani, wakipigana mabega kwa kicheko. Naye akajibu, "Baba Sonia alikufa. Mujane wake aliamuka muzuri." Akajaza dumu lake, akaenda. Maziwa yake hawakuyanunua tena. Mimi mwenyewe aliponiletea kikombe nilikirudisha kikiwa kimejaa. Nilimwambia tumbo linaniuma. Tumbo langu lilikuwa salama.

Wiki ya tatu Gaju akaugua. Upande mmoja wa kiwele ulivimba, ukawa wa moto kama jiwe la jikoni, na maziwa yakatoka na mabonge na damu. Aliacha kula. Ndipo Rwakabuba akarudi, safari hii na mtu ajuaye majani. Masharti yalikuwa mawili. Ng'ombe anyunyiziwe maji ya majani yale, na Kabanyana atamke mbele ya watu kwamba alikosa.

"Ukikataa, huyu ngombe hamalizi juma," mzee akasema.

Sonia alikuwa analia. "Mama, ukubali tu. Ni maji."

"Ni maji, ndiyo. Lakini nikisema nilikosa, nitakuwa nimesema Mungu wangu anaishia kwenye malango ya zizi." Akamgeukia mwenye majani, akatabasamu. "Na Gaju hatabatizwa, baba. Hajafundishwa hata amri kumi."

Watu walicheka. Yeye alimrudia Gaju, akampapasa shingo. Hakuwa na ng'ombe mwingine. Gaju akifa, hata Jumapili kanisani tungemwonyesha kidole.

Asubuhi alimwachia Sonia ng'ombe, akapanda pikapu ya kwenda Mbarara. Nilikwenda naye. Asidhani mtu kwamba nilikwenda kwa huruma. Nilitaka kumsikia daktari akimwambia yale niliyokwisha kumwambia mimi.

Anselme alitupeleka kwenye duka la dawa za mifugo la Kizito, mganga wa wanyama aliyevaa koti jeupe na ndala. Kizito alisikiliza, akauliza, "Nani anakamua?"

Kabanyana akajibu, "Ni mimi."

Nikasogea karibu. Kizito akacheka, akamwita kwa heshima ya kwao: "Nyabo, hata kwetu Ankole mama yangu alikuwa hapana kamua. Lakini hii ugonjwa haiangalii gomesi ya mwanamke ao suruali ya mwanaume. Sasa niambie: maziwa unamaliza yote?"

Kabanyana akatazama miguu yake. "Hapana."

"Kwa nini?"

"Batu bananiangalia. Ninakamua mbio-mbio, niondoke."

"Basi ni hiyo. Maziwa inabaki ndani, inaharibika. Kiwele inaoza."

Alimpa dawa ya kuingiza chuchuni, akamwonyesha namna ya kukanda kwa kitambaa cha maji moto, akamwambia aoshe mikono kwa sabuni na akamue mara nyingi, mpaka tone la mwisho.

Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, "Mama Anatole, niliomba kwa sauti, alafu nikakamua kama mwizi. Si mikono ilimugonjesha Gaju. Ni haya yangu." Nilikuwa nimesafiri kwenda kusikia maneno mengine.

Tangu siku ile alimhamisha Gaju kutoka nyuma ya nyumba, akamfunga mbele, kando ya njia ya bombani, watu wote wapite hapo. Alikanda, alikamua, aliimba, hakuharakisha. "Baba Sonia!" wakamwita. "Karibuni," akaitikia, mikono inaendelea. Siku ya nne Gaju akala. Chuchu moja ilikufa kabisa. Tatu zilipona, na hizo zilitoa maziwa ya kutosha nyumba mbili. Wa kwanza kuyanywa nilikuwa mimi, na ninataka jambo hilo lijulikane, kwa sababu wako wanaosema ni mwingine.

Rwakabuba hakukiri kitu. Lakini mwaka 2012 miguu ilimwisha nguvu, mwanawe akapata kazi ya ulinzi Kamukuzi, mjini Mbarara, na ng'ombe wake wawili wakabaki bila mkamuaji. Akamwita Kabanyana aje "kumusalimia" mkwe wake Pélagie. Sote tulielewa. Kabanyana alikwenda na sabuni na kamba, akamchuchumaza Pélagie upande wa kulia wa ng'ombe, akamwombea, akamshika vidole kumwonyesha. Mzee alikuwa amegeuza kiti chake akitazama barabara.

"Muniambie mukimaliza," akasema.

Kikombe kilipomfikia kilikuwa bado na povu. Alikunywa chote, akapangusa masharubu, akaomba kingine.