Sitini na Tano

Shangazi alitunza maabara ya shule miaka ishirini na sita. Wanafunzi walimwita Mama Digrii. Kuchemka aliwafundisha kwa kuwapanga mbele, wameshikana mikono.

"Molekuli za maji zinashikana kwelikweli, haziachiani mpaka digrii mia. Za ethanoli zinashikana kwa ulegevu, sabini na nane zimeachana. Methanoli ni ndogo, mvutano wake mdogo zaidi. Sitini na tano, kwaheri!"

Baba yangu, mdogo wake, alikuwa seremala. Alimwomba ethanoli ya kuyeyushia vanishi, naye akamletea chupa kutoka stoo. Baba, Mungu amrehemu, hakuwahi kuipita spiriti hivihivi bila kuionja. Jumanne alipofuka, Alhamisi tukamzika.

Daktari alisema ni methanoli, pombe yenye sumu. Mtaa mzima ukamgeukia mama muuza pombe wa kona, maana baba alipita kwake jioni ya Jumatatu. Vijana wakamvunjia mlango. Nami nilimlaani, sifichi. Nilitaka awe yeye.

Shangazi hakumlaani mtu. Alichukua chupa, imebaki robo, tukaenda maabara. Akaichemsha, kipimajoto kikiwa juu, pale mvuke unapopita.

"Kikisimama sabini na nane, nimepona," aliniambia. "Lebo zilishabanduka zamani. Kila chupa naijua kwa mahali pake kwenye rafu. Na wiki ile niliyompa baba yako, stoo ilipakwa rangi, chupa zikahamishwa."

Hamsini. Sitini. Sitini na tano, kikasimama. Aliongeza moto; matone yakazidi kudondoka, kipimajoto hakikusogea.

"Labda kibovu, shangazi."

"Juzi nimekijaribu kwa maji, mwanangu. Kilisoma mia."

"Basi tumwage. Nani atajua?" Nilisema hivyo mimi, binti wa marehemu.

"Na yule mama aliyevunjiwa mlango?"

Shangazi alizima moto, akaosha vyombo vyote, akavipanga vikauke. Kisha tukaenda nyumbani. Mama alikuwa ameketi na ndugu, wale vijana wamesimama mlangoni.

"Wifi," shangazi alisema, "muuza pombe hana kosa. Sumu ilikuwa kwenye chupa yangu. Mimi ndiye niliyempa."

Vijana wakaondoka mmoja mmoja, macho chini. Mama alimgeukia wifi yake.

"Ungeniacha tu," alisema. "Nilikuwa nimeshapata mtu wa kumchukia, na hakuwa wa nyumbani."